Spea za mtambo wa FM: za kununua Kariakoo, za kuagiza nje, na za kuachia kampuni

Mtambo wa FM wa kilowati moja ukizimika Kondoa au Manyoni, simu ya kwanza huenda kwa wakala aliyeuuza. Jibu linafahamika kabla hajapokea: nunua moduli nzima, bei ni hii, subiri wiki kadhaa. Kwa redio ndogo inayoishi kwa matangazo ya vifo, minada na maduka ya pembejeo, jibu hilo maana yake ni kufunga kituo.

Ukiifungua hiyo moduli ya mamilioni, mara nyingi unakuta kilichokufa ni kitu kimoja, na pengine si kitu cha redio kabisa: feni, kapasita ya pawasaplai, fyuzi, soketi iliyoungua. Kampuni ya mitambo haitengenezi feni wala transista. Inazinunua kwa watengenezaji wengine, kisha inazipa namba yake ya katalogi, na bei inapanda hapo hapo. Kwa hiyo kutafuta spea nafuu huanza kwa kuzigawa. Kuna vitu vya kawaida vilivyovikwa namba ya kampuni. Hivi vinapatikana Dodoma au Kariakoo. Kuna vitu vya masafa ya redio, ambavyo yeyote anaweza kuviagiza lakini havivumilii mbadala wa kubahatisha. Na kuna vitu ambavyo ni vya kampuni pekee, hasa bodi za udhibiti zenye programu ndani yake na eksaita (vinavyozalisha mawimbi kabla hayajakuzwa) za kidijitali. Hapo lipa tu, au tafuta mtambo mbovu wa aina ileile unyofoe.

Kwanza tafuta muuaji

Transista mpya ikifungwa kwenye mtambo ambao antena yake imeingia maji, huenda isifike jioni. Kabla ya kununua chochote chenye bei, tenganisha mambo mawili: mtambo ujaribiwe kwenye dami lodi ya omu 50 (mzigo bandia unaomeza nguvu badala ya antena), na antena pamoja na kebo yake vipimwe peke yake.

Kwa antena, siku hizi hakuna kisingizio. NanoVNA, kipimo kidogo kinachotosha kiganjani, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya transista moja kubwa. Kisawazishe kwanza kwa vile vichwa vitatu vinavyokuja nacho, kwenye ncha ya waya utakaoutumia, kisha pima kuanzia megahezi 60 hadi 150, usiishie kwenye 87.5 hadi 108 peke yake. Kwenye masafa yako, SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) ya 1.5 maana yake asilimia 4 ya nguvu inarudi: ukirusha wati 1000, wati 40 zinakurudia. Hapo ndipo mitambo mingi ya transista huanza kukosa raha.

Sababu ya kupima mbali zaidi ya bendi ni hii. Antena nzima huonyesha bonde kwenye masafa yake na kupanda kwingine. Ukiona SWR nzuri kila mahali, hadi megahezi 60 na 150, usishangilie. Kebo iliyolowa maji ndani hula nguvu yote njiani, ikienda na ikirudi, na kipimo kinakuonyesha uzuri wa uongo. Hiyo ndiyo hali ya mtambo unaosoma wati 1000 huku wasikilizaji wa Kibaigwa wakilalamika kwamba redio imepotea.

Tahadhari mbili: gusisha kwanza kondakta ya katikati ya kebo kwenye ardhi ili kuondoa chaji iliyokusanyika mnarani, na kama mnara unashirikiwa na vituo vingine, waombe wapunguze nguvu wakati wa kupima. Mawimbi yao yanayoingia kupitia antena yako yanaweza kuharibu namba, au kukiua kipimo chenyewe.

Muuaji wa pili ni umeme. Waya wa nyutro ukilegea kwenye njia ya fezi tatu, soketi ya volti 230 inaweza kuelekea 400. Vidhibiti vya mshtuko vilivyomo kwenye mitambo mingi ni vile vya kipenyo cha milimita 20 vyenye maandishi 20D431K, vya volti 275 za AC. Pale ambapo umeme hupanda mara kwa mara, 20D511K ya volti 320 haifi ovyo. Vyote viwili ni vya bei ndogo na hupatikana kwa wauza spea za vidhibiti umeme. Lakini havimudu kukatika kwa nyutro kunakodumu kwa dakika kadhaa. Hapo kinachookoa ni kifaa cha kukata umeme volti zikizidi, chenye kontakta (swichi kubwa ya sumaku). Kiweke kabla ya mtambo, na kiwe na kuchelewa kwa dakika mbili tatu kabla ya kurudisha umeme.

Feni si feni tu

Hiki ndicho kifaa kinachokufa kuliko vyote, na kinachobadilishwa vibaya kuliko vyote. Feni ya mtambo kwa kawaida ni ya milimita 120 kwa 120, unene 38. Duka la kompyuta mjini litakuuzia ya unene 25. Inaingia kwenye matundu yaleyale, inazunguka, inapuliza usoni. Tatizo ni kwamba feni nyembamba ikikutana na hitisinki (chuma cha kupozea) yenye mapezi yaliyobanana pamoja na kichujio cha vumbi, msukumo unaishia mlangoni. Mtambo utawaka asubuhi na kujizima saa nane mchana. Dodoma ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar, kwa hiyo feni iliyotosha kwa shida pwani haitoshi hapa.

Soma kibandiko: volti, ampea, vipimo. Ya AC 230 ya unene 38 hupatikana kirahisi kwa wanaotengeneza mashine za kuchomelea vyuma, kwa kuwa wao huitumia hiyohiyo. Ya volti 48 DC hutumika kwenye makabati ya minara ya simu. Chagua yenye beringi za gololi. Ile ya bushi hukauka upesi kwenye joto na vumbi.

Kisha angalia waya wa tatu. Feni nyingine huutumia kutoa midundo ya kuhesabu mzunguko, nyingine hutoa ishara moja tu pale feni inapokwama. Ukifunga ya aina moja mahali pa nyingine, mtambo utatangaza hitilafu ya feni ingawa inazunguka vizuri, na fundi asiyejua ataanza kubadilisha bodi ya udhibiti. Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa kiangazi unapobeba vumbi, osha kichujio kila wiki. Sponji lake hununuliwa kwa mita. Si lazima liwe na nembo ya mtu.

Pawasaplai

Hapa ndipo fedha nyingi inaokolewa. Mitambo ya transista hutumia pawasaplai ya volti 48 au 50 DC, na hesabu ya ukubwa wake ni nyepesi. Mtambo wa kilowati moja wenye ufanisi wa asilimia 70 kwenye hatua ya mwisho ya ukuzaji unahitaji wati 1000 gawanya kwa 0.7, yaani karibu wati 1,430, sawa na ampea 28.6 kwa volti 50. Pawasaplai ya wati 2,000 inatosha na chenji inabaki.

Ya asili ikifa, jaribu kuitengeneza kabla ya kuitupa. Ikiwa haijalipuka ila inawaka na kuzima, au inawaka baada ya kupashwa joto, shuku kapasita za elektroliti: zile kubwa za upande wa umeme mkubwa, na zile ndogo zinazoilisha chipu ya udhibiti. Uwezo kwenye multimita unaweza kuonekana mzuri huku ukinzani wa ndani umepanda, kwa hiyo tumia kipimo cha ESR, yaani cha ukinzani huo. Weka za nyuzijoto 105, zisiwe za 85: kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huongeza maisha ya kapasita karibu maradufu. Ikiwa imelipuka, ukikuta MOSFET (transista) za kuswichi zimeshoti usibadilishe hizo peke yake. Rezista ndogo za kwenye geti (mguu unaoiamuru transista) na chipu inayoziendesha huwa zimeondoka nazo, na ukiziacha, MOSFET mpya zitalipuka sekunde ile ile. Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 100 iliyounganishwa mfululizo: ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti bado. Kumbuka pia kwamba baada ya kuzima, kapasita kubwa hubaki na volti 325 au zaidi. Zitoe chaji kwa rezista. Bisibisi si chombo cha kazi hiyo.

Ikishindikana, kuna njia mbili nafuu. Mean Well RSP-3000-48 hutoa ampea 62.5 na inauzwa wazi kwa wasambazaji wa kawaida. Nyingine ni rektifaya (pawasaplai za kugeuza AC kuwa DC) za minara ya simu, kama Eltek Flatpack2 ya 48/2000, zinazopatikana zilizotumika kwa bei ya chini. Hizi ni imara ajabu, lakini zina tabia yake: zisipopewa amri kupitia CAN (waya zake za mawasiliano ya kidijitali) hutoa karibu volti 53.5, volti za kuchajia betri. Mtambo uliopangwa kwa 48 utazidisha joto na nguvu. Kuna vibodi vidogo vinavyotuma amri ya kushusha volti, lakini rektifaya ikikosa mawasiliano nacho kwa kawaida hurudi kwenye volti zake za asili, kwa hiyo salama ni kibodi kikae nayo daima.

Kabla ya kufunga ya mbadala, soma mchoro wa mtambo uone kama bodi ya udhibiti inapandisha na kushusha volti za pawasaplai ili kudhibiti nguvu. Baadhi ya mitambo hufanya hivyo. Hapo pawasaplai yenye volti zisizobadilika itarusha, lakini itakuwa imeondoa breki: antena ikiharibika, mtambo hautajishusha kama ulivyokusudiwa. Kama huna jinsi ya kuiunganisha na ishara hiyo, usifunge.

Transista za hatua ya mwisho

Mitambo ya transista ina vizazi viwili. Kizazi cha zamani kilitumia BLF278 na MRF151G, kila moja ya wati 300 kwa volti 50, na mtambo wa kilowati moja ulihitaji nne au zaidi zilizojumlishwa. Kizazi kipya ni transista za aina ya LDMOS: MRFE6VP5600H ya wati 600, MRFE6VP61K25H ya 1,250, BLF188XR ya 1,400. Moja tu ya hizo mbili za mwisho inabeba kilowati nzima.

BLF278 haitengenezwi tena. Zinazouzwa leo ni akiba ya zamani, zilizonyofolewa, au bandia. Habari njema ni kwamba MRF151G na SD2932 ya ST zimekuwa zikichukua nafasi yake kwa miaka mingi: umbo linaoana, volti na wati ni zilezile. Kinachobadilika ni biasi (volti ndogo ya kudumu inayowekwa kwenye geti), na hiyo lazima uipange upya. Lakini usithubutu kuweka LDMOS kwenye bodi iliyochorwa kwa ajili ya BLF278 kwa sababu tu inaonekana kutoshea. Geti ya LDMOS huanza kupitisha kwenye volti 2 hivi, na kikomo chake ni karibu volti 10, wakati zile za zamani huvumilia mara mbili ya hapo au zaidi. Ukuzaji wake ni mkubwa zaidi na impidansi zake ni tofauti. Matokeo ya kawaida ni mtambo kuanza kujipigia masafa yake wenyewe, na transista kwenda. Ukitaka kuhamia LDMOS, nunua pamoja na bodi yake kamili, ile inayoitwa paleti.

Soma pia herufi za mwisho wa namba. MRFE6VP61K25H ina masikio ya kufungia skrubu. Yenye HS haina, na hukusudiwa kuunganishwa kwa risasi juu ya bamba la shaba. BLF188XR na BLF188XRS vivyo hivyo. Watu wengi wameagiza ya bei ndogo kidogo wakapokea isiyofungika.

Kupima iliyopo ni kazi ya dakika chache. Zima, toa chaji, tenganisha njia ya volti 50 na ya biasi. Kati ya dreni na sosi (miguu miwili ambayo mkondo mkubwa hupita) multimita ikiwa kwenye dayodi ionyeshe njia upande mmoja, karibu volti 0.4 hadi 0.6, na kufunga upande mwingine. Kati ya geti na sosi pasiwe na njia ya wazi. Ukipata omu chache au mia kadhaa, geti limetoboka. Transista hizi kubwa ni pacha ndani ya kifuniko kimoja, kwa hiyo pima pande zote mbili na uzilinganishe. Upande mmoja ukiwa umekufa, yote imekufa. Usiikwangue wala kuivunja ili kuona ndani: baadhi, ikiwemo BLF278, zina seramiki ya oksidi ya berili, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

Namna ya kuifunga mpya huamua kama itadumu. Bamba la chini la transista ndilo sosi, ndiyo ardhi yenyewe, kwa hiyo hakuna kuweka mika wala pedi ya mpira katikati. Safisha hitisinki kwa spiriti hadi isibaki chembe ya pesti ya zamani, kisha simamisha ukingo wa rula ya chuma juu yake na utazame upande wenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, sehemu hiyo imebonyea na transista itapikika palepale. Paka pesti nyembamba kiasi cha kuona chuma kupitia kwake. Kaza skrubu zote kidogo kidogo kwa zamu, na baada ya hapo ndipo uunganishe miguu kwa risasi. Anayetanguliza risasi kisha akakaza skrubu huivuta miguu, na ufa kwenye seramiki huja kujitokeza baada ya wiki. Risasi ya 63/37, inayoyeyuka kwa nyuzijoto 183, ndiyo rahisi zaidi. Vaa bangili ya kuondoa umeme tuli. Hewa kavu ya Dodoma mwezi Agosti inatosha kuua geti bila wewe kuhisi chochote.

Kuwasha: rudisha potenshomita ya biasi chini kabisa, unganisha dami lodi, ondoa mawimbi kutoka kwa eksaita, na ulishe kwa pawasaplai ya maabara yenye kikomo cha ampea moja au mbili. Volti 28 zinatosha kwa kuanzia. Pandisha biasi taratibu hadi mkondo unaotajwa kwenye kitabu cha mtambo. Kwa MRF151G, karatasi ya mtengenezaji hutaja miliampea 250 kila upande. Mkondo ukiruka ghafla badala ya kupanda polepole, inajipigia masafa: zima, angalia ardhi na kapasita za njia ya biasi. Ikitulia, peleka volti kamili, kisha mawimbi kwa asilimia 10 ya nguvu, shika hitisinki, panda hatua kwa hatua. Ukitumia kipimanguvu cha Bird 43, kipande cha kuchomeka cha FM ni cha herufi B, megahezi 50 hadi 125. Chenye C huanzia 100 na kitakudanganya ukiwa kwenye 92.

Kuhusu bandia. LDMOS halisi ya kilowati kwa wauzaji walioidhinishwa, kama Mouser, DigiKey na Richardson RFPD, huuzwa kwa mamia ya dola. Ukiiona kwa dola 35, umeona maandishi yaliyochapwa upya juu ya kifuniko cha kitu kingine. Asetoni hufuta maandishi hayo, lakini wakati huo umeshalipa. Iliyonyofolewa si haramu, ilimradi muuzaji aseme hivyo na miguu ionekane: mabaki ya risasi na ncha zilizokatwa ni kawaida yake. Udanganyifu ni pale miguu inapong'arishwa na kitu kikaitwa kipya. RF Parts ya California ni duka jingine la siku nyingi la transista na valvu (vile vya zamani vya kukuzia, kabla ya transista) za namna hii. Kwa hatua ndogo za kuendeshea, zinazoilisha ile ya mwisho, RD30HVF1 na RD70HVF1 za Mitsubishi ni halali na nafuu, lakini nazo zimeigwa sana, pamoja na 2SC1971. Mtambo wako ukiwa na transista kadhaa sambamba, agiza za kundi moja la uzalishaji ili biasi na ukuzaji visitofautiane.

Vidogo vinavyoungua kimya kimya

Mtambo unaojumlisha moduli mbili za wati 500 moja ikifa, watu hutarajia wati 500 zibaki. Antenani zinafika 250. Nyingine 250 zinaingia kwenye rezista ya kusawazisha ya kombaina, kifaa kinachojumlisha moduli, na hiyo rezista ikiwa haikupimiwa mzigo huo kwa muda mrefu, inapasuka. Ndiyo maana moduli ikibadilishwa na mtambo bado hautulii, pima rezista hiyo: iwe na omu zilezile zilizoandikwa, 50 au 100. Ufa wake ni mwembamba kama unywele na hukaa pembeni ya seramiki, chini ya mguu. Mbadala lazima uwe wa kufungwa kwenye hitisinki na wa masafa ya redio. Rezista ya waya uliozungushwa, hata ikiwa ya wati 500, ni koili tu kwenye megahezi 98.

Kapasita za njia ya nguvu nazo ni hivyo. Vile vijiwe vidogo vya mraba vya milimita karibu 2.8, jamii ya ATC 100B, vina ukinzani mdogo mno wa ndani. Wati 1000 kwenye omu 50 ni karibu ampea 4.5 za masafa ya redio, na karibu na transista mkondo ni mkubwa zaidi. Kapasita ya kawaida ya thamani ileile hupata joto, huyeyusha risasi yake yenyewe na kuteleza kutoka mahali pake. Ukikuta mbili tatu zimepangwa sambamba, moja ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia, badilisha zote. Zilizobaki zilikuwa zinabeba mzigo wa mwenzao.

Mitambo ya valvu imebaki michache, kwa hiyo kwa ufupi: valvu kubwa za chuma na seramiki hujengwa upya na Econco ya California kwa bei iliyo chini ya mpya, lakini wanahitaji ganda la zamani lisilopasuka, usilitupe. Kwa zile zenye filamenti ya tangsteni yenye thoria, volti za filamenti zikishushwa kwa uangalifu baada ya saa 200 za mwanzo, hadi kabla tu ya nguvu kupungua, maisha huongezeka sana. 4CX250B si ya jamii hiyo, usiishushe.

Kuagiza na kunyofoa

Bei ya kwenye tovuti si bei ya Dodoma. Thamani, usafiri na bima hujumlishwa, ushuru unakokotolewa juu yake, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote, pamoja na tozo nyingine ndogo. Kwa mfano, kitu kikifika kwa dola 300 na ushuru wake ukawa asilimia 10, VAT inatozwa kwenye 330, yaani dola 59.40. Kiwango cha ushuru hutegemea fungu la forodha: transista ni 8541, valvu 8540, pawasaplai 8504, feni 8414, sehemu za mitambo ya utangazaji 8529, mtambo mzima 8525. Mwombe muuzaji aandike kwenye ankara jina kamili na namba ya kitu. Kifurushi cha transista kilichoandikwa kwamba ni mtambo wa redio huangukia fungu lisilo lake, na huleta maswali ya kibali cha TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ambayo hayakuhusu. Wauzaji wa Marekani huweza pia kuuliza matumizi ya mwisho. Jibu kwa ukweli, kwamba ni matengenezo ya kituo cha FM chenye leseni.

Vitu vizito na visivyo vya hatari ya bandia, kama pawasaplai, feni na viunganishi, vinaweza kupitia wakusanya mizigo wa Guangzhou wanaotoza kwa kilo, kisha basi kutoka Dar. Transista zipitishe kwa kampuni za vifurushi, moja kwa moja kutoka kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Kuokoa dola 40 za usafiri kwa kupitisha transista mikononi mwa watu wanne si akiba.

Chanzo ambacho wengi husahau ni mitambo ya runinga ya analojia. Tanzania ilianza kuizima tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam. Mtambo wa runinga uliostaafu una pawasaplai, feni, dami lodi, viunganishi vya 7/16 na 7/8, na rezista za kusawazisha. Ikiwa ni wa VHF, hata transista huenda zikafaa. Ya UHF, chukua vingine vyote, transista ziache.

Kubadilisha kitu kwa kingine cha aina yake hakugusi leseni. Kuongeza nguvu, kuhamisha antena au kufunga amplifaya nyingine kunagusa, na ofisi ya TCRA ya Kanda ya Kati ipo Dodoma. Kuuliza kwanza ni rahisi. Kitu kimoja hakina majadiliano: kichujio cha kwenye njia ya kutokea kikiungua, usikiruke kwa kipande cha kebo ili kituo kirudi hewani. Juu tu ya 108 huanza masafa ya ndege, hadi 137, na kichujio hicho ndicho kinachozuia masafa ya maradufu, kwa kituo cha 98 yaani 196. Kila baada ya matengenezo ya hatua ya mwisho, pita na kipimo cha spektra, hata kile cha bei nafuu chenye kipunguza nguvu mbele yake, uangalie pande zote mbili za masafa yako.

Rafu ya kituo cha kilowati moja haihitaji kujaa. Feni mbili za aina sahihi, fyuzi kumi za kila ukubwa, vidhibiti vya mshtuko kumi, seti ya kapasita za pawasaplai, transista moja ya hatua ya mwisho na moja ya kuendeshea ndani ya mifuko yake ya kuzuia umeme tuli, kapasita za redio za kila thamani iliyomo kwenye paleti, na rezista moja ya kombaina. Andika kwenye karatasi, ndani ya mlango wa mtambo, namba halisi za watengenezaji wa kila kimoja, biasi iliyopangwa, na SWR ya antena tarehe ilipopimwa.